Kofia Ngumu ya Saizi Moja

Enzi zetu pale Kariakoo, kila mtoto wa mtaa alijua kwamba mainjinia huchaguliwa kwa ukubwa wa kichwa. Sizungumzii akili, nazungumzia kichwa chenyewe, hili fuvu unalolinyoa. Ilisemekana zile kofia ngumu wanazovaa watu wa ujenzi hutengenezwa ng'ambo, zote saizi moja, na kampuni haina muda wa kubembelezana na mtu. Siku ya kuajiriwa unavalishwa mbele ya mashahidi. Ikiingia, wewe ni injinia, kesho yake unapanda winchi. Isipoingia, unapewa nauli unarudi kwenu. Habari hiyo niliiamini kuliko nilivyoamini kwamba Jumapili hufuatwa na Jumatatu.

Na mimi, ndugu msomaji, Mungu alininyima vingi lakini kichwa alinipa. Mama alikuwa akisimulia kwamba nilipozaliwa mkunga aliita wenzake waje kushuhudia. Mtaani waliniita Bichwa. Nikipita mbele ya baraza saa saba mchana wazee wa kahawa walisema, "Pita polepole, mwanetu, tupate kivuli." Fulana zangu zote zilikuwa zimechanika shingoni. Sasa fikiria mtoto wa namna hiyo, halafu ndoto yake moja tu duniani iwe kufunga lifti.

Tulikaa mtaa wa Narung'ombe, nyumba ya Kiswahili yenye korido ndefu katikati na uani mwembe wa jirani ukitudondoshea majani bila kutuuliza. Asubuhi ilianza kwa harufu ya vitumbua vya Bi Tatu, ikafuatiwa na udi wa jirani zetu Wahindi wakifungua maduka, na mpaka adhuhuri iliki na karafuu zilikuwa zimeingia kwenye nguo. Mpaka leo nikinusa iliki namwona Mama ameketi kwenye mkeka, mguu mmoja ameunyoosha, anashona kofia. Zile kofia nyeupe za mkono, za viua, vile vitundu vya kutarizi, ambazo moja humchukua mtu majuma na majuma, na Mama alishona nzuri hivi kwamba, wallahi, watu walikuwa wanachelewa kuoa wakisubiri kofia yao iishe.

Mama hakutumia futi yenye namba. Mteja akija alikaa kwenye kigoda, Mama akamzungushia uzi mweupe kichwani, akatia fundo la alama pale ncha ilipofikia, akautundika uzi ule kwenye msumari ukutani. Kila msumari ulikuwa mtu. Huyu muuza kahawa, huyu bwana harusi wa Ilala, huyu karani wa Posta anayependa kofia ibane kidogo. Mteja angehamia hata Tanga, uzi wake haukushuka. Mchana, upepo ukiingia dirishani, nilikuwa nalala chali mkekani nikitazama nyuzi zile zikicheza, na usingizi ukinijia niliona wanaume wote wa Kariakoo wakitikisa vichwa taratibu, kana kwamba kuna jambo wamekubaliana. Uzi wangu ulitundikwa mwisho kabisa. Ulining'inia chini kuliko wote, karibu uguse sakafu.

Na ndani ya chumba kile palikuwa na sheria moja. "Usijaribu kofia ya mtu," Mama alikuwa akisema. "Utaitanua, na ikishatanuka hairudi." Tulichapwa kwa mengi, lakini kwa hilo tulichapwa haraka zaidi. Kwetu kofia ilikuwa ya kichwa kimoja, kile kilichopimwa. Wengine wote mikono nyuma.

Basi wakaja watu wa ujenzi kuvunja nyumba ya pili kutoka yetu wajenge ghorofa. Tulikaa barazani tukiangalia kama watu walio sinema. Ghorofa lilipanda mpaka tukaamini waliokuwa juu wanasalimiana na marubani. Winchi yao ilinyanyua ndoo za zege juu ya paa letu, na mimi nikaacha gololi, nikaacha kombolela, nikaacha hata kula. Nilichukua vigurudumu vya plastiki vilivyobaki nyuzi za Mama zilipoisha, misumari, ubao wa kasha la sabuni na kamba ya katani, nikaunda winchi yangu. Iliweza kumnyanyua paka wetu ndani ya kopo la maziwa mpaka usawa wa dirisha. Paka hakufurahia, lakini sayansi haimwulizi paka.

Rafiki yangu Shomari ndiye aliyekuwa msemaji wa mtaa. Kila habari ilianzia kwake, na hii ya kofia ngumu aliileta yeye, siku moja tukila mihogo ya kuchoma barazani, ukwaju ukimtiririka mpaka kwenye kiwiko. "Saizi moja, Bichwa," alisema. "Wewe labda wakuajiri uwe tangi la maji." Tukacheka sote. Mimi nilicheka kwa mdomo tu.

Injinia wa ghorofa lile alikuwa Mhindi mwembamba, Injinia Bharat, mzaliwa wa Kisutu, mwenye Kiswahili cha mtaani kuliko chetu. Siku moja alisimama mbele ya baraza, tukamwamkia, "Shikamoo, injinia!" Akajibu, "Marahaba, wakandarasi." Akaitazama winchi yangu, akaivuta kamba, paka akapanda.

"Hiki kigurudumu cha pili nani kakwambia uweke?"

"Hakuna, injinia. Kwa kimoja paka alikuwa mzito."

Alicheka mpaka akavua kofia yake nyeupe kujifuta jasho, akaiweka pale barazani, karibu na goti langu. "Ukikua uje kwetu. Kwetu, umesikia? Usiende kwa mwingine."

Shomari akaninong'oneza, "Jaribu, Bichwa! Jaribu sasa hivi!"

Mikono yangu ikaenda nyuma yenyewe. Ilikuwa kofia ya mtu. Lakini mtoto wa mshona kofia hahitaji kuvaa ili ajue. Niliipima kwa jicho, nikapima na uzi wangu ulioning'inia ndani, nikajua. Haiingii, haiingii kabisa. Injinia Bharat akaivaa akaenda zake, na jua lote la Kariakoo likaondoka naye.

Nilijitahidi, msidhani nilikaa tu. Nililala na kanga ya Mama nimejifunga kichwani ikakaza mpaka macho yakawa kama ya Mchina. Niliacha dagaa kwa sababu walimu walisema wanakuza ubongo, nami ubongo wangu nilitaka utulie pale ulipo. Kila mwezi nilijipima na uzi wangu kwa siri, na kila mwezi fundo lilizidi kuachana na ncha yake.

Nikiwa kidato cha nne Injinia Bharat alikuja shuleni kwetu. Mvi zilikuwa zimeanza, na mkononi alikuwa na kofia ileile, akaiweka juu ya meza ya mwalimu. Akasema kampuni yao imechoka kuagiza mafundi wa lifti kutoka nje wakati watoto wa hapa hapa wana mikono na akili. Watachukua wanafunzi, watawalipia chuo cha ufundi, watawafundisha kazini, kisha watawaajiri. Muuza karanga akapita barabara ya Msimbazi, na hakuna aliyegeuza shingo.

Kisha akauliza, "Yule kijana wa winchi ya paka yuko hapa?"

Nilikuwa nyuma kabisa. Niliinamisha kichwa chini ya dawati, na kwa kichwa kile hilo halikuwa jambo dogo. Mwalimu wa fizikia akasema, "Bichwa, simama, unaitwa!" Nikasimama. Niliitazama ile kofia mezani, nikaona darasa zima likishuhudia ikigoma masikioni mwangu, Injinia Bharat akiangalia pembeni kwa huruma.

"Mimi, mwalimu, nitauza kofia na mama yangu," nikasema.

Injinia alinitazama kidogo, kama mtu aliyeshuka kituo kisicho chake, kisha akauliza nani mwingine. Shomari akaruka kama chemchemi, akaivaa kofia hapohapo, ikamkaa kama alizaliwa nayo. Darasa likapiga makofi. Na mimi nikapiga, kwa nguvu kuliko wote, maana sasa nilikuwa na ushahidi.

Baada ya hapo sikuona sababu ya kusoma. Matokeo yalipotoka walioyaona walinipa pole ya msiba. Shomari akaenda chuo, kisha akapelekwa mikoani, tukapotezana. Mimi nikauza kofia, nikauza nyaya na swichi pale Msimbazi, nikawa bingwa wa kuwaeleza wateja umeme nisiousomea. Nyumba yetu nayo ikauzwa, ikavunjwa, Mama akahamia Ilala na nyuzi zake ndani ya kopo la biskuti. Siku moja alinikuta nimekaa nikimchorea mtoto wa jirani jinsi lifti inavyopanda. Akasimama na sindano mkononi.

"Mwanangu, kichwa hiki nilikizaa kwa uchungu ambao sitausimulia. Hutakiacha wazi namna hii. Kitie kitu."

Ndipo nikaanza shule ya jioni, juu ya duka la vitambaa. Tulisoma pamoja mchukuzi wa mizigo, mama lishe, dereva wa guta la magurudumu matatu na mimi, madirisha wazi, muadhini akitusindikiza na hesabu. Sijawahi kusoma kwa raha vile. Chaki ile ilininukia iliki.

Siku hizi mambo ni mengine, na mimi ndiye ninayetumwa mashuleni na begi la kofia ngumu kutafuta vijana. Nawapenda, ila wana vituko. Sisi tulimnyanyua paka, hawa wanamnyanyua paka kwenye simu. Nikiwaambia kuna kazi ya kupaka grisi kwenye nyaya za lifti wananiuliza kama grisi ina mtandao. Mmoja aliniuliza, "Anko, hiyo injinia inalipa au ni ya kupiga picha tu?" Wanajua kila kitu kabla ya kukiota, na sisi tuliota kila kitu bila kukijua. Sijui nani alikuwa na bahati. Najua tu kwamba wao wana klabu za sayansi, wana mabinti wanaofungua mota mbele ya baba zao bila kuogopa, wana mtu anayekuja kuwauliza. Kwa hiyo kila shule nikifika, kabla ya hotuba, namwita mwenye kichwa kikubwa kuliko wote, na darasa huwa linamjua, nampa kofia aivae kwanza.

Na pale Narung'ombe ilipokuwa nyumba yetu pamesimama ghorofa la maduka, lifti yake naitunza mimi. Wakati mwingine napanda peke yangu, naipeleka polepole. Baina ya chini na ghorofa ya kwanza nafumba macho, maana hapo ndipo ulipokuwa ukuta wa Mama. Nazisikia nyuzi zikicheza. Wanaume wote wa Kariakoo wananitikisia vichwa, na kengele inalia, na mlango unafunguka kwenye duka la simu.

Ila nisingefika humo kama si jioni moja darasani kwetu juu ya duka la vitambaa. Alikuja mgeni kutoka kampuni ya lifti, kofia ngumu kwapani, tumbo mbele kidogo. Alikuwa Shomari. Alisema Mzee Bharat amestaafu, lakini kabla ya kuondoka amesisitiza wasitafute mashuleni tu, waje na kwenye madarasa ya jioni, huko kuna watu waliopitwa. Akachora vigurudumu na kamba ubaoni, akauliza maswali. La kwanza nikajibu. La pili nikajibu. Mama lishe akasema, "Mwache na mwingine ajibu, wewe!" lakini hakuna mwingine aliyejibu.

Shomari akaweka chaki chini. "Bichwa, Jumatatu uje pale Posta, ofisini. Nakuandika."

"Siwezi, Shomari."

"Huwezi nini? Mzee Bharat mpaka leo anakuulizia!"

"Si unajua mwenyewe. Kofia."

"Kofia gani?"

Nikamweleza, mbele ya mchukuzi na dereva wa guta, nikiwa mtu mzima mwenye ndevu: saizi moja, ng'ambo, kuvalishwa mbele ya mashahidi. Watu wakaanza kucheka, kisha wakaacha, kwa sababu sauti yangu haikuwa ya mzaha.

"Nani alikwambia upuuzi huo?" Shomari akauliza.

"Wewe."

"Mimi! Lini?"

"Barazani kwetu. Ulikuwa unakula muhogo."

Nilimwona akitafuta siku ile kichwani mwake, akaikosa kabisa. Akaja mpaka kwenye dawati langu, akaigeuza kofia juu chini na kuniwekea mikononi. Nikataka kuirudisha, kwa mazoea.

"Shika, si ya mtu, ni ya kazi," akasema. "Unakiona hiki kigurudumu hapa nyuma? Ukikizungusha, mkanda wa ndani unapanuka. Inamwingia kila mtu."