Jeshi lililosimama bandarini

Jumamosi asubuhi nilikuwa bandarini hapa Mwanza, kwenye foleni ya tiketi za meli ya Nansio. Mbele yangu bwana mmoja mwenye miwani alikuwa akimlalamikia mwenzake.

"Vijana wengi wakimaliza shule hawapiti tena jeshini. Siku hizi ni biashara tu. Tukivamiwa, nani atapigana?"

"Kwani wanajeshi wetu ni wangapi?"

Mwenye miwani akashusha sauti. "Hiyo ni siri ya nchi."

Mara meli ikapiga honi. Foleni ikavunjika, watu wakaanza kukanyagana dirishani. Mama mmoja akatua robota lake la mitumba, akavuta pumzi, akapaza sauti: "Kikosi! Mguu sawa!"

Visigino vikagongana. Mwalimu aliyepita jeshini, muuza sato aliyepita mgambo kijijini kwao, hata mtawa, wote wakakauka wima. Mwenye miwani alibana mikono kwenye mshono wa suruali. Mkata tiketi naye alisimama nyuma ya dirisha lake.

"Mguu pande," mama akasema, kisha akaenda mbele kukata tiketi ya kwanza. Hakuna aliyebisha.

"Jambo afande," mwenye miwani akamsalimu kwa adabu. "Ulikuwa kambi gani?"

"Kambi? Mimi nilikuwa nauza maandazi getini."

Wakubwa waendelee kuficha idadi, ni kazi yao. Lakini jasusi anayetaka kujua ukubwa wa jeshi letu asihangaike na makambi. Aje apange foleni hapa bandarini, na akihesabu asiwasahau wauza maandazi.