Mwiko wa Karanga

Kwa nini kwenu hamli karanga? Asumini aliniuliza hivyo tukiwa darasa la tatu, siku ya kwanza tulipokaa pamoja kula chakula cha mchana shuleni. Kuishi Nachingwea bila kula karanga ni kama kuishi Kilwa bila kula samaki. Wazee wanasimulia kwamba hata Waingereza waliofyeka pori na kujenga mji wetu walizifuata hizo hizo. Nikamwambia Asumini ni mwiko wa ukoo. Akataka kujua aliyeuweka ni nani. Nikasema nitauliza nyumbani.

Ninyi mliosoma miaka ile ya tisini kuelekea elfu mbili mnakumbuka tulivyokula. Shule haikuwa na jiko. Tuliotoka mbali tulibeba vyakula vyetu, na kengele ya mapumziko ikilia tunakaa duara nyuma ya darasa, kitenge kimoja kinatandikwa chini, kila mtu anamimina katikati alichokuja nacho. Mihogo ya kuchemsha, mahindi, mbaazi za nazi, ming'oko, vile vimizizi vya porini unavyovimenya kwa meno na kuchovya kwenye chumvi na pilipili. Msimu wa korosho yalikuja mabibo, na utomvu wake ulitia sare zetu madoa ambayo naamini yapo hadi leo, popote zilipo. Ukila peke yako unaitwa mchoyo, na jina hilo linakufuata mpaka unaolewa.

Watoto wa siku hizi wanabeba vikopo vya plastiki vyenye picha za katuni, na ndani yake kuna chipsi zilizopoa na juisi inayoacha ulimi wa kijani mpaka kesho yake. Ukisoma maandishi ya kwenye pakiti unadhani ni dawa ya kupulizia mikorosho. Sisi chakula chetu hakikuwa na maandishi. Kilikuwa na udongo kidogo tu.

Mama yangu alinifungia chakula kwa uangalifu uliowachekesha majirani. Mihogo aliichemsha kwenye sufuria ambayo haikuguswa na mtu mwingine, akaiweka kwenye kopo la mafuta ya kupikia lenye mpini wa waya, akalifunga kwa kipande cha kitenge mafundo mawili. Kinu chake hakumwazima mtu, wala yeye hakuazima cha mtu, kwa sababu vinu vyote vya mtaani vilitwanga karanga. Walimwita mwenye maringo. Na kila asubuhi aliniambia maneno yale yale: "Weka mihogo yako katikati, wenzako wale. Lakini wewe kula ya kwako."

Nilipomuuliza aliyeuweka mwiko, alisema ni wazee wa upande wa uzazi wake, zamani. Wazee gani? Waliokuwapo. Na mtu akila inakuwaje? Anavimba. Nani aliwahi kuvimba? Mama akanituma maji.

Likizo tukaenda kwa bibi, mama yake mama, kule Mbekenyera upande wa Ruangwa, tukiwa juu ya magunia ya ufuta kwenye lori. Nilifika na maswali yangu mkononi. Kwa bibi hakukuwa na karanga hata moja ndani ya nyumba, jambo lililotaka kuniridhisha, ila nyuma ya banda nikakuta rundo la maganda. Nikambebea bibi konzi nzima ya ushahidi.

"Hayo ya kuku," akasema.

"Kuku hawana mwiko?"

"Kuku hawana ukoo, mjukuu wangu."

Hapo ndipo niliposhawishika kwamba wakubwa wananichezea. Shule ilipofunguliwa, mimi na Asumini tukapanga kulimaliza suala. Nusu ya karanga moja, ya kukaanga, mbele ya duara zima. Bakari, aliyekuwa mkubwa kuliko sote kwa sababu alirudia darasa, alisema mizimu ya Wamwera haichezewi, kisha akasogea karibu aone vizuri. Nikatafuna. Nikameza. Nikafungua mdomo wasidhani kwamba nimeificha. Nikawaambia, mnaona?

Waliona kweli. Midomo ilianza kuwasha kama nimelamba upupu. Kope zikajaa mpaka nikawa namwona Bakari kupitia mwanya mwembamba, naye akirudi kinyumenyume. Kisha kifua kikabana, na hapo sikucheka tena, kwa sababu hewa niliyoivuta haikufika nilikotaka ifike. Mwalimu wa zamu alinipakia kwenye baiskeli akapiga pedali hadi hospitali kama anafukuzwa. Nikachomwa sindano. Nilipoanza kuona tena, nilimwona mama amesimama kando ya kitanda, ana ndala mguu mmoja, mikono yake ina unga hadi kwenye viwiko.

Nilingoja kipigo. Alikaa kitandani, akaushika mguu wangu juu ya shuka, akaniuliza taratibu, "Sasa umeridhika?"

Nilikusudia kuuvunja mwiko, nikawa nimeuthibitisha mbele ya mashahidi. Kuanzia siku hiyo duara letu lilikuwa na sheria zake. Aliyekuja na kisamvu cha karanga alikaa upande wa pili. Asumini alinusa kila kitu kabla sijashika, na Bakari alisimama bombani akiuliza kila anayepita, "Umeshika karanga leo? Kanawe." Hakuna mwalimu aliyewaamuru. Siku hizi wazazi wa shule ya mwanangu wana kundi la WhatsApp la kujadili vyakula vinavyodhuru watoto, na kila wiki mmoja wao anauliza kama kidogo tu kinaweza kuwa na shida. Bakari asingeuliza.

Neno mzio nililikuta chuoni Dar es Salaam, kwenye kitabu, na nilikasirika kama mtu aliyeibiwa. Nikampigia mama kumwambia kwamba hakuna mwiko, kuna mwili unaokataa chakula. Alikuwa anajua. Alisema nilipokuwa na miaka mitatu shangazi alinipa uji wa karanga, nikakaribia kufa mikononi mwake. Mama akaanza kuwaambia watu karanga zinamdhuru mtoto. Walimcheka. Karanga, Nachingwea? Mpe kidogo kidogo, atazoea. Wawili kati yao walijaribu kunizoesha mama akiwa shambani.

"Ugonjwa kila mtu anataka kuujaribia dawa," aliniambia. "Nilipowaambia ni mwiko, hakuna aliyenigusia mtoto tena."

Hivyo mama akaubuni mwiko peke yake, bibi akaulinda kwa kusingizia kuku, na ukoo ukaupokea. Nimewakuta kijijini Nandagala watoto wa binamu zangu wasioonja karanga, wenye afya kabisa, wanaoeleza kwa kujiamini kwamba babu wa babu alikataza. Sina moyo wa kuwaambia. Nami mwenyewe, nisiyekubali kitu bila kuhoji, namfungia mwanangu chakula kila asubuhi na kusoma maandishi madogo ya kila pakiti, huku nikiuonea wivu mtaa ambako neno moja lilitosha.

Lakini kuna jambo moja mama hakuniambia kwa simu. Nilielezwa mwaka jana na dada yake, mama mkubwa, tukipepeta ufuta. Alisema mama alipokuwa na mimba yangu hakutaka chakula kingine chochote isipokuwa karanga. Alizing'oa shambani mbichi, akazila na udongo wake, akicheka. Tangu shangazi aliponipa ule uji hajaweka hata moja mdomoni, na hakuanza tena hata nilipohama.