Kikombe cha mzee na zile albamu zangu za ambient

Wakuu, salamu kutoka Nambale.

Mimi ni mmoja wa wale wa kusoma nyuzi za wengine, nacheka kivyangu na kupita. Leo naandika. Nitasema mambo jinsi yalivyokuwa, na pale nilipodanganya watu nitawaonyesha pia.

Kazi yangu ni ukarani wa clearing, kupitisha mizigo ya watu forodhani hapo mpakani. Nilianzia Malaba. Wanaoijua hii kazi wanajua ni makaratasi kidogo na kungoja kwingi. Foleni ya malori imekwama, na mteja anakupigia kila dakika kumi kana kwamba ni wewe umesimama katikati ya barabara.

Aliyeniingiza kwa huu muziki wa ambient ni dereva mmoja wa Uganda. Tunamwita Ssalongo kwa sababu ana mapacha. Siku moja nilimkuta amelala kwa mkeka chini ya trela yake, earphones masikioni, ametulia kabisa, na foleni haijasonga tangu jana yake. Nikamuuliza anasikiza nini.

"Shika, ssebo," akanipa moja. "Hii si ya kucheza. Hii ni ya kungoja laini."

Hakuna ngoma. Hakuna anayeimba. Ni sauti moja ndefu kama friji ya duka, halafu mvua kwa mbali, halafu kitu kama mlango wa bati. Nikamwambia faili yake imeharibika. Alicheka mpaka akaketi.

Akanijazia memory card. Albamu kumi na kitu, zingine ni track moja ya dakika arobaini. Wiki ya kwanza nilisikiza nikitafuta mahali wimbo unaanza. Wiki ya tatu nikaacha kutafuta.

Sijui niwaeleze aje. Ukiacha kungoja wimbo uanze, masikio yanafunguka. Unasikia mtu akivuta pumzi, kiti kikilia, chuma kikigongwa chumba cha pili. Hao wasanii wanarekodi vitu vya nyumbani na kuviweka humo ndani. Nilizipenda hizo kelele ndogo kuliko kitu chochote. Jamaa zangu wakasema nimerogwa na Waganda.

Kumbukeni hiyo ya chuma.

Mwaka jana mzee wangu akapata stroke. Upande wa kulia ukaisha, na maneno yakaisha. Alikuwa mwalimu mstaafu, mtu wa kuongea kutoka chai ya asubuhi, kwa hivyo mnaweza kujua ilimuuma vipi. Mama alishatangulia. Dada yangu Ajiambo ameolewa Funyula na ana watoto wadogo. Tukakubaliana yeye aje wikendi, mimi siku zingine. Nikaomba nihamishwe ofisi ya Busia, nifanye asubuhi tu na mchana niwe nyumbani.

Kwa sababu mzee hakuweza kuita, tulimpa kikombe cha bati. Alikuwa anakigonga kwa chuma cha kitanda na mkono wa kushoto.

Mara mbili za haraka: maji. Mara tatu: nigeuze. Moja, anyamaze, halafu moja tena: hataki kitu, njoo tu ukae. Hiyo ya mwisho aliianzisha mwenyewe. Ilituchukua siku kadhaa kuielewa, tukawa tunampelekea maji na anayakataa kwa kichwa.

Siku zote nilikuwa navaa earphone moja, sikio lingine la mzee.

Alhamisi moja, saa tisa mchana, nilikuwa nimemlisha uji, nimemgeuza, amelala. Wateja walikuwa wamenifokea tangu asubuhi na kichwa kilikuwa kimejaa. Nikaketi sebuleni, nikavaa zote mbili. Nikaweka albamu ambayo sikuwa nimeizoea.

Katikati ya track ya tatu, chuma kikagongwa. Mara moja, kwa mbali.

Kimya. Halafu mara moja tena. Ikajirudia hivyo mara kadhaa.

Wakuu, nilifunga macho. Nikasema moyoni, huyu msanii anajua kazi. Nikawa nahesabu kimya kilicho katikati, nikaona kinazidi kuwa kirefu, nikasema hapo ndipo pazuri. Ilipokoma nilisikitika kidogo kwamba imeisha.

Track ilipofika mwisho nikaenda kumwangalia. Kikombe kilikuwa sakafuni. Mkono wake wa kushoto ulikuwa unaning'inia nje ya kitanda, bado una joto. Mzee alikuwa ameenda.

Sasa nije kwa uongo.

Kwetu, siku ya mazishi, yule aliyeuguza husimama kueleza ugonjwa. Ulianza lini, mgonjwa alipelekwa wapi, siku ya mwisho alikula nini, alifanya nini. Watu wananyamaza hapo kuliko wakati wa mahubiri. Ndipo wanajua kama mtu alifia mikononi mwa watu wake.

Nilisimama. Nikaeleza stroke, hospitali, mazoezi ya mkono, mpaka uji wa siku ile. Nilipofika saa tisa nikasema, "Alilala tu polepole. Nilikuwa nimemshika mkono."

Shangazi, dada yake mzee, alinivuta kando baadaye. Akanishika uso na mikono yote miwili.

"Asante, mtoto yangu. Ndugu yangu hakuenda peke yake."



Miezi minne sikugusa hiyo memory card. Nilikuwa na tumaini moja la kijinga, na nililiogopa. Labda ule mlio wa chuma uko kweli ndani ya track, na mzee alienda usingizini bila kuita mtu. Mwishowe nikaweka. Nikasikiza yote. Nikarudia kwa sauti ya juu kabisa, naomba Mungu niisikie.

Kuna mvua. Kuna ile sauti ndefu. Chuma hakuna.

Jumapili iliyopita Ajiambo alikuja kufagia nyumba ya mzee. Nikamweleza yote, nikampa earphones. Akasikiza mpaka mwisho, amesimama na ufagio.

"Hapa hakuna mtu anagonga," akasema.

"Najua."

"Alikuwa anagonga aje?"

Kikombe bado kiko dirishani. Nikakichukua, nikagonga kitanda. Moja. Nikangoja. Moja. Akaweka mkono wake juu ya wangu niache.

"Hiyo si ya maji."

"Najua."

Tulilia wote wawili. Hakunitukana, na hakuniambia yameisha. Alipokuwa anafunga leso aondoke akasema, "Shangazi utamwambia wewe. Mimi sitakusaidia hapo."

Wakuu, huu muziki siulaumu, wala Ssalongo hana kosa. Ulinifunza kusikiza, na ndicho kitu kinaniuma. Ningekuwa sikumsikia baba yangu ningejisamehe. Nilimsikia vizuri sana. Nilihesabu mpaka kimya chake, nikaona ni kizuri, na sikuinuka.

Funzo langu ni dogo. Kama nyumbani kwenu kuna mtu wa kuangaliwa, sikio moja ni lake hata akiwa amelala. Na ukisikia kitu kizuri, inuka kwanza uende uone kinatoka wapi.

Mimi siku hizi navaa moja tu. Nyumba haina mtu wa kuniita, lakini siwezi kuvaa ya pili.

Jumamosi hii naenda kwa shangazi. Kama kuna mtu humu aliwahi kusimama kueleza ugonjwa na akabadilisha mwisho, aniambie hapo chini alianza na neno gani. Mimi nimefika tu kwa "Shangazi, siku ile."