Mandolini ya Mupadri

Juzi, nilipokuwa kwa fundi wa magita hapa sokoni Bunia, aliingia bwana mmoja na shangazi yake. Bwana alifungua furushi la kitenge, akatoa mandolini, kigita kuukuu cha urithi, akaishika kwa mikono miwili kama mtoto anayepelekwa kubatizwa.

"Fundi, angalia muzuri. Iko ya Ubelgiji. Mupadri alipatia babu."

Fundi alichungulia ndani ya tundu, hakuona alama yoyote ya kiwanda. Shangazi akacheka mpaka akafuta machozi.

"Mupadri gani? Baba alitengenezaka yeye mwenyewe kule kijijini Fataki, na mbao ya mulango ya nyumba ya kuku. Alisemaka iko ya mupadri juu bashemeji basiiombe."

Bwana akaiweka mezani kwa mkono mmoja, kama sufuria.

Fundi alipokaza nyuzi, ikalia vizuri ajabu. Mteja mwingine, mwimbaji wa korali, akasogea. "Papa, utatuazima siku ya Mungu, kwa misa?"

Bwana akaikumbatia upesi, kwa mikono yote miwili. "Haiwezekani, ndugu yangu. Iko ya mupadri."

Shangazi alinitazama, nami nikatazama dari. Asili ya mandolini wataendelea kuibishania. Asili ya mjukuu haina ubishi tena.