Safari ya Suneka Iliyochelewa

Kaka yangu alianza kuugua akiwa chuo cha ualimu. Alirudi nyumbani Gesima na begi moja, akaketi jikoni bila kuvua koti, akaniambia nipunguze sauti kwa sababu kuna watu kwenye michai wanaotusikiliza. Nilidhani ni mzaha, nikacheka. Yeye hakucheka. Mvua zilipoanza alikuwa hataki kuoga, halali, na mchana alisimama katikati ya shamba akibishana na watu tusiowaona.

Baba hakwenda mbali kutafuta sababu. Wakati huo yeye na mdogo wake, baba yetu mdogo, walikuwa wakizozania mpaka wa shamba.

"Ameshindwa kunipata mimi, sasa amemwendea mtoto," baba alisema mbele ya majirani.

Baba mdogo alikana. Alisimama kanisani siku ya Sabato akaapa mbele ya watu wote, lakini shuleni watoto wake walikuwa wameshaanza kuitwa watoto wa mchawi. Hakungoja mambo yaharibike zaidi. Alihamia Suneka na familia yake, akafungua kinu cha kusaga mahindi. Mke wake alipofariki, miaka mingi baadaye, hakuna mtu wa kwetu aliyekwenda kuzika.

Kaka alipelekwa kwa maombi, kisha kwa waganga, kisha kwa maombi tena. Hospitali ilikuja mwisho, nilipopata kazi Kisii mjini na kupanga chumba ambamo angeweza kulala. Daktari alikuwa mama wa upande wa ziwani asiyejua Kigusii, kwa hiyo alizungumza Kiswahili nami nikamtafsiria baba.

"Seli za ubongo hazigusani," alieleza, akisogeza ncha za vidole vyake viwili karibu karibu. "Ujumbe unavuka hapa katikati, na kuna protini zinazosaidia kuuvusha. Watafiti wamechunguza ubongo wa watu waliofariki wakiwa na ugonjwa huu wa akili, na siku hizi wanapiga hata picha za walio hai. Mara nyingi wanakuta baadhi ya protini hizo zimepungua. Kama huko kupungua ndiko kunaleta ugonjwa, au ugonjwa ndio unazipunguza, bado hatujui vizuri."

Protini sikuwa na neno lake kwa Kigusii. Nilisema ni vitu vidogo sana ndani ya kichwa vinavyopokezana habari, na kwamba vya kaka vimekuwa haba. Baba alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Nani alivipunguza?"

Nilipotafsiri, daktari alimgeukia baba. "Hakuna mtu, mzee. Ni ugonjwa. Sababu nyingine tunazaliwa nazo, nyingine ni za maisha. Hakuna aliyemfanyia."

Baba alivua kofia, akaishika mapajani. Tulipofika nyumbani aliniita kando.

"Jumapili twende Suneka," aliniambia.

Tulimkuta baba mdogo amejaa unga hadi kwenye nyusi. Ilibidi azime kinu ndipo tusikizane. Baba alijaribu kumweleza habari za vile vitu vidogo, akavikoroga, akanigeukia nimsaidie. Baba mdogo aliinua mkono.

"Nimeelewa, kaka. Umekuja kuniambia si mimi."

"Si wewe. Nisamehe."

"Mimi nilijua tangu siku ile. Mke wangu amekufa akiulizwa sokoni alimfanya nini mtoto wa shemeji yake. Yeye nitamwambia nini?"

Baba mdogo alituletea chai na viazi vitamu, akamwuliza baba kuhusu goti lake, akasema amesamehe. Nadhani alisema kweli. Lakini baba alipomwomba arudi nyumbani, hata kwa siku moja, alitikisa kichwa.

"Hapana. Wanangu kwao ni hapa."

Sindano ya kila mwezi imemtuliza kaka. Anachuma chai polepole, anakula vizuri, anajua siku ya kliniki bila kukumbushwa. Ualimu haukurudi. Nilipomwuliza daktari kama tungefika mapema ingekuwaje, alisema huenda mengi yangeokolewa, akaangalia pembeni. Wakati mwingine kaka huniuliza habari za binamu zetu aliocheza nao utotoni. Mimi humwambia hawajambo. Siku ile Suneka walipita mlangoni wakatusalimu, na sikuweza kumtambua hata mmoja.