Kardani Isiyolia

Liévin Kasereka alifika Lubumbashi kutoka Butembo na marobota manne ya vitenge, na katika miaka ishirini na saba hakupenda kitu chochote mjini humu kuliko Mercedes yake ya mazuti, yaani dizeli. Ilikuwa 240D nyeupe ya mwaka 1981. Wenzake wa biashara ya jumla walinunua jeep mpya na kumcheka, naye aliwajibu kwamba gari lake litawazika wote.

Mwaka jana shemeji yake wa Dubai alimtumia kardani ya nyuzi za kaboni. Kardani ni lile bomba la chini ya gari linalopeleka nguvu za injini kwenye magurudumu ya nyuma. Ya zamani ilikuwa chuma, vipande viwili, na Zéphirin, fundi wa Makomeno, aliishusha akihema. Mpya ilikuwa kipande kimoja cheusi. Aliinyanyua kwa vidole vitatu.

"Mukubwa, hii ni kardani ao ni mwavuli?"

"Weka tu. Iko na nguvu kupita chuma."

Zéphirin aligonga chuma kwa spana, kikalia kama kengele. Akagonga ile nyeusi. Tok, basi.

"Chuma inalia mbele ya kuvunjika," alisema. "Inatetemeka, inapiga kelele, unasimama. Hii iko bubu. Siku itachoka, haitakuambia kintu."

Kwa desturi kipuri cha zamani hubaki kwa fundi, ni haki yake. Liévin alikiomba kwa sababu ya lango. Bel-Air, mtaa wao, ilikuwa imeanza kulala vibaya. Watu wenye bunduki walikuwa wakiingia nyumba baada ya nyumba, na majirani walikuwa wamegawana filimbi. Kipande kirefu kikawa komeo la lango, kifupi komeo la mlango wa jikoni. Upepo ulipotikisa lango, chuma kiligonga vishikio vyake. Mkewe Émerance aliamka, akasikiliza, akalala tena.

Kisha Januari ikaja, na Goma ikaanguka mikononi mwa waasi. Wivine, mdogo wake Liévin, alitoka huko na watoto wawili, akazunguka Rwanda, Tanzania na Zambia. Baada ya wiki tatu alipiga simu kutoka Kasenga, upande wetu wa mto Luapula, mpakani na Zambia. Alikuwa na homa na sauti yake ilikuwa imekwisha.

"Yaya, kaka yangu, siwezi tena kupanda lori. Kuya unikamate, unipeleke kwako."

Siku mbili kabla ya simu hiyo, Liévin alikuwa amepeleka unga Kasomeno, kwenye barabara hiyo ya Kasenga, na njiani jiwe lilipiga gari chini. Zéphirin alilala chali akakuta mkwaruzo mweupe, urefu wa kidole, katikati ya kardani. Aligonga kwa sarafu, akasikiliza, akagonga tena.

"Sijui," alisema. Liévin hakuwahi kumsikia akitamka neno hilo. "Inaweza kufika Kasenga mara kumi. Inaweza kukatika katikati ya pori, na dada yako mugonjwa ndani."

"Na ile ya chuma?"

"Ile tunaijua."

Maduka ya vyuma, ambako angepata komeo jingine, yalikuwa yamefungwa tangu uvumi wa uporaji uanze. Liévin alisimama mbele ya lango lake bila kuligusa, hadi Émerance akatoka na mtoto wao Gradi.

"Kamata, Papa Gradi."

"Na ninyi?"

"Tutaweka hii yako ya Dubai. Kule inje, nani atajua iko mwepesi? Si ulisema iko na nguvu kupita chuma?"

Alikuwa amesema hivyo, mara nyingi, mbele ya wageni.

Zéphirin akarudisha chuma garini, ile nyeusi ikawa komeo la lango, na mlango wa jikoni waliuziba kwa friji. Alfajiri Liévin akaondoka, kiganja juu ya gia, na chuma kikanung'unika chini ya miguu yake kwa kila shimo, kupita Kasomeno hadi Kasenga. Alimkuta Wivine ameketi juu ya sanduku kando ya soko, amemfunga mtoto mgongoni, mwingine ameshikilia sketi yake. Kesho yake saa sita mchana walikuwa Bel-Air.

Lango lilikuwa limefungwa. Émerance alilifungua yeye mwenyewe.

"Mulilala?" aliuliza Liévin.

"Muzuri sana. Ndiyo inaniogopesha. Mie sikusikia kintu. Gradi naye hakusikia."

Alimwonyesha komeo. Pale penye mkwaruzo nyuzi nyeusi zilikuwa zimefumuka kama nywele, na bomba lilikuwa limepinda, limeshikiliwa na nusu ya unene wake. Nje, kwenye bati la lango, palikuwa na alama za tope jekundu, kimo cha bega, na nyingine chini, za viatu. Watu walikuwa wamesukuma usiku, kwa subira. Walijua sasa kwamba komeo limebaki kidogo tu likatike, na wangerudi.

"Kuko nini, Yaya?" aliuliza Wivine kutoka garini.

Liévin alifungua mlango wa gari. Aliwapeleka ndani, yeye na watoto, akachukua spana na kuingia chini ya gari. Chuma kilikuwa bado cha moto, kikamuunguza kiganja, lakini aliendelea kufungua bolti, moja baada ya nyingine, ili kirudi langoni, akijua kwamba kikishatoka gari halitatembea na hakuna yeyote nyumbani humo atakayeweza kukimbia.