Siku Nilipomfundisha Afande Jina Lake

Aibu hii nimekaa nayo miaka mingi, na marehemu mke wangu, Mungu amrehemu, ndiye aliyekuwa akiitumia kuninyamazisha kila nilipojitia ujuaji. Sasa hayupo, na naona ni heri niiseme mwenyewe kabla hajatokea mtu wa kuisimulia na kuitia chumvi (ingawa, nawaambia kweli, haihitaji chumvi). Mimi Maalim Saidi, mtu mzima na kofia yangu na ndevu zangu, mwalimu wa madrasa hapa Majengo, niliyewafundisha watoto wa watu adabu za ulimi tangu nikiwa kijana, nilisimama kwenye harusi ya mwanafunzi wangu nikaikwamisha kwa ulimi huohuo.

Ilikuwa miaka ya themanini ikianza. Bibi harusi alikuwa Zuhura, binti niliyemsomesha mwenyewe tangu alifu mpaka akahitimu, na bwana harusi ni Abdi, kijana mpole wa Kiamaiko, wa watu wanaofanya biashara ya mbuzi. Babake Zuhura alifariki binti akiwa mdogo, kwa hiyo walii wake, yaani mwenye haki ya kumwoza, alikuwa babu yake mzaa baba, Mzee Faraji. Na kwetu walii asipotoa idhini hakuna ndoa, hata pilau iwe imeiva na bwana harusi amekaa mkekani. Mara nyingi wazee humwambia mwalimu, "Nakuwakilisha, niozeshee," yakaisha. Mzee Faraji alikataa. Alinijia siku mbili kabla akaniambia, "Maalim, huyu ndiye aliyebaki wa mwanangu. Nitamwoza kwa mdomo wangu mwenyewe."

Sasa, Mzee Faraji hakuna aliyemwita Mzee Faraji. Majengo nzima ilimwita Afande. Alikuwa mwanajeshi wakati wa Mwingereza na akapanda mpaka cheo ambacho Waafrika wachache walikifikia siku hizo, na ingawa alikuwa amestaafu zamani, bado alitembea mgongo ukiwa wima kama ameambiwa kuna mtu anampima, viatu vinang'aa hata siku za matope. Ukimwambia "Hujambo, Afande," anagusa ukingo wa kofia yake na kuendelea na safari. Hakutaka zaidi ya hapo.

Kilichoniponza ni kitabu. Wiki ile rafiki yangu mmoja alikuwa ameniazima kitabu kikuukuu cha historia, na humo nikakuta habari ya hilo neno "afande": kwamba lilikuwa neno la Waturuki, likapita Misri, likapanda mto mpaka Sudani, na likafika kwetu midomoni mwa askari wa Kisudani walioletwa na Waingereza. Nilifurahi kama mtoto aliyeokota kitu njiani. Nilimweleza mke wangu, nikamweleza muuza kahawa, nikamweleza kinyozi akiwa ameshika wembe shingoni mwangu, na bado halikunitoka.

Siku ya harusi ilikuwa baada ya sala ya alasiri. Turubai limefungwa mbele ya nyumba, mikeka imetandikwa, viatu vimeachwa ukingoni lundo moja, wanawake wako ndani na vigelegele vyao tayari. Walii yuko kuliani kwangu, bwana harusi mbele yake, na pembeni yuko Mzee Guyo, mjomba wa Abdi, mtu wa maneno machache aliyekuwa ameacha mbuzi wake sokoni na hakulificha hilo. Nilichotakiwa kufanya ni kusoma hotuba ya nikahi na kuwaunganisha mikono. Basi. Lakini nikajiambia, kwa kuwa walii ni Afande, na mimi nina elimu ya neno hili, kwa nini nisimheshimu mbele ya wakwe zake? (Nia yangu ilikuwa njema, naapa. Lakini na mtoto anayemwaga maziwa akitaka kumsaidia mamake, nia yake huwa njema.)

Nikaanza. Nikawaambia kuwa huko lilikozaliwa neno hili halikuwa la mwenye bunduki, lilikuwa la mwenye elimu: kadhi aliitwa hivyo, mwandishi wa mfalme aliitwa hivyo, na hata watoto wa wakubwa waliitwa hivyo. Wazee wakatikisa vichwa, Mzee Faraji akagusa masharubu yake, na kama ningeishia hapo leo msingekuwa na cha kusoma. Lakini mtu mmoja nyuma akasema, "Na siku hizi je, Maalim?" nami nikasikia swali badala ya kusikia mtego.

"Siku hizi!" nikasema. "Siku hizi neno limeshuka ngazi mpaka limekaa kizingitini. Askari wa baraza la mji anayemwaga sufuria ya mama wa maharagwe, afande!"

Wakacheka. Na kicheko kwa mwalimu ni kitu kibaya sana, kwa sababu darasani hatukipati, tukikionja mara moja tunataka tena, kwa hiyo nikapandisha sauti nikaongeza, "Hata soja anayesinzia kwenye lango la bohari kule viwandani, naye ni afande!"

Safari hii walicheka wa Kiamaiko peke yao. Watu wa Majengo waliinamisha nyuso, kwa sababu wote walijua, na mimi nilijua, lakini ulimi wangu ulikuwa umetangulia mbali: tangu atoke jeshini, kazi iliyomlisha Mzee Faraji na kumlea yatima Zuhura ilikuwa ya ulinzi, kwenye lango la bohari, kule viwandani.

Aliikunja leso yake, akasimama, akaenda kwenye lile lundo akatoa viatu vyake, akakaa kwenye kibao na kuanza kufunga kamba. Alifunga taratibu sana, tundu kwa tundu, kiatu cha kulia, halafu cha kushoto. Leo nikikumbuka naona alikuwa akinipa nafasi. Lakini mimi nilikuwa nimekauka, kitabu kile chote hakikuwa na neno la kunifaa wakati ule. Akamaliza, akanyoosha kofia, akaondoka.

Mamake Zuhura akatoka mlangoni na unga mikononi. "Maalim, umemwambia nini baba mkwe wangu?"

"Nilikuwa naeleza historia, mama."

"Historia!" akasema. "Mtoto yuko ndani, hina haijakauka, wewe unaleta historia?" Na kutoka ndani nikasikia kilio cha msichana ambacho sijakisahau.

Mzee Guyo naye akajinyoosha mahali alipokaa. "Maalim, sisi ni watu wa mbuzi, hatujui mambo mengi. Tunaoa ama hatuoi? Kwa sababu tukiondoka hapa leo, sitarudi kesho kubisha tena."

Nikatoka mbio. Viatu vyangu vilikuwa chini ya lundo, sikuwa na moyo wa kuvitafuta, nikavaa vya kwanza vilivyoingia mguuni, na nilipofika kona ya pili ndipo nilipotazama chini nikaona ni slipa za kike, za waridi, zenye ua la plastiki juu, na visigino vyangu vinaburura vumbi nyuma. Nirudi? Nisirudi? Nikaendelea. Vijana waliokuwa wameegemea ukuta wakaanza:

"Maalim, niaje? Hizo slipa umemnyang'anya mathee gani?"

"Achana naye, anatoroka harusi!"

"Maalim, kimbia, lakini usikanyage ua!"

Miaka yote ile niliwafukuza vijana hao kwa kukosa adabu, na siku ile sikuwa na adabu ya kuwafundisha.

Nilimkuta Afande chumbani kwake, mlango wazi, amekaa kwenye kiti akitazama ukuta, kofia bado kichwani. Nikabisha hodi, nikaingia, nikaanza, "Mzee wangu, nisamehe, mimi nilikusudia..."

"Mguu sawa!"

Wapenzi, nilisimama. Mwili ulitii kabla ya akili, mikono ubavuni, kidevu juu, na lile ua la plastiki likamtazama.

Akaliona. Midomo ikamtetemeka kidogo, lakini hakucheka. Akasema kwa sauti ya chini, "Maalim, wewe umesoma neno lilikotoka. Mimi nilikolitoa umeuliza?"

"La, Afande."

"Miaka kumi na mitatu Mzungu ananiita 'boi'. Nina ndevu, nina mke, nina mtoto, yeye kijana hajaota hata sharubu, ananiita 'boi'. Siku niliyopewa cheo, makuruta walipangwa mstari, nikapita mbele yao, wakasema wote pamoja, 'Afande.' Mama yangu alikuwa amesimama nje ya uzio anasikia." Akagonga mkono wa kiti kwa kidole. "Na lile lango la bohari, sikuwahi kusinzia. Hata siku moja."

Sikujitetea. Nilikuwa na aya na hadithi za kutosha kuhusu ulimi, nimezifundisha maisha yangu yote, na zote zilinijia wakati mmoja, wala sikutoa hata moja. Nikasema tu, "Nimekukosea mbele ya watu, nitakuomba radhi mbele ya watu. Ukinisamehe au usiponisamehe, mimi nitaomba. Lakini binti analia, Afande."

Kisha akasimama, akavuta koti likanyooka. "Twende. Wewe tangulia. Na tembea kama mtu, si kama bata."

Tukarudi njia ileile, mimi mbele na slipa zangu, yeye nyuma akisema polepole, "Kushoto, kulia. Kushoto, kulia," na wale vijana ukutani, nawashukuru mpaka leo, walisimama wima, wakasema, "Afande!" bila kucheka (walicheka tulipopita, niliwasikia, ni haki yao).

Chini ya turubai nilisimama nikasema, bila kitabu, kwamba nimemdhihaki mtu aliyemlea yatima kwa kazi ya halali, na kwamba namwomba msamaha yeye, na Zuhura, na wageni wetu. Mzee Guyo akasema, "Tumesikia. Sasa hotuba ya nikahi, Maalim, na iwe fupi." Nikaifupisha. Mzee Faraji akaushika mkono wa Abdi, na alipotamka, "Nimekuoza mjukuu wangu Zuhura," alitamka kwa sauti ya uwanja wa gwaride, hata waliokuwa mtaa wa pili walijua kwamba ameolewa, na vigelegele vikapasuka ndani kabla Abdi hajajibu. Ilibidi tuwanyamazishe wanawake ili tusikie kijana akisema amekubali.

Nilikuwa nimejitenga pembeni aliponiita kwenye sinia lake. "Sogea, Maalim, ule." Tukala. Halafu akasema bila kunitazama, "Hao Waturuki wako. Walimwita nani hivyo?"

Nikamwambia, kwa sauti ya watu wawili tu: kadhi, mwandishi, mtu anayejua kusoma na kuandika.

Akafinyanga tonge. "Mimi barua zangu zote nilisomewa," akasema. "Hata ile iliyoniletea cheo."

Niliufunga mdomo wangu. Huo ndio ukimya wa kwanza wa maana niliowahi kuutunza, namshukuru Mungu kwa kunipa hata kwa kuchelewa, na niliweka nadhiri palepale, mkono ukiwa kwenye wali, kwamba sitamfafanulia tena mtu jina lake mpaka yeye mwenyewe aniulize. Jumamosi iliyofuata Afande akaja kuniuliza, madrasani, saa ya watoto kuondoka, viatu vimepigwa rangi na ubao wa kuandikia chini ya kwapa.